Nani Alikagua Bolti?

X nyekundu, zile alama za kuamuru kitu kiondolewe, zimerudi barabarani. Zamu hii zimepigwa mpaka kwenye vibao vya saluni na vya mafundi cherehani, vile vya futi mbili kwa moja ambavyo vikianguka vitamshtua paka na basi. Mita chache mbele, bango refu kuliko ghorofa limejiinamia juu ya kituo cha daladala. Nguzo yake imeliwa na kutu pale inapoingia kwenye zege, na hakuna mwenye brashi aliyelisogelea. Lina kibali. Limelipiwa. Lina na stika ya ushuru.

Sasa tuulizane: hicho kibali kilikagua nini?

Ushuru wa mabango unakaa ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Yaani bango lilizaliwa kwenye sheria ya fedha, na limelelewa kifedha. Mwaka 2017 ukusanyaji ukahamishiwa TRA, tukabishana weee nani akusanye, halmashauri au mamlaka ya mapato. Nani apande ngazi akatazame bolti, hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Afisa akija dukani huja na futi kamba. Urefu mara upana, lina taa au halina, kontrol namba hii hapa, kalipe. Bango la futi 8 kwa 4, kipimo kinachopendwa kwa sababu ndiyo shiti moja ya plaiwudi au alukobondi (bapa la plastiki lililovikwa alumini) bila kukata, ni futi za mraba 32, karibu mita za mraba 3. Kazi ya serikali imeisha.

Hizo mita 3 zina hesabu ya pili, ila haiingizi senti. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Unapata msukumo kwa newtoni kwenye kila mita ya mraba. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ya mraba inasukumwa kwa newtoni 480 hivi. Shiti yako moja inapokea zaidi ya newtoni 1,400. Ni kama watu wazima wawili wameling'ang'ania wanataka kulitoa ukutani. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, msukumo unapanda mara nne. Na anayedhani pwani yetu haina upepo wa namna hiyo amesahau mapema mno Kimbunga Hidaya, kilichoingia jirani na Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Siku tisa baada ya Hidaya, ng'ambo ya bahari hii hii, Mumbai walilipa gharama yote. Tarehe 13 Mei dhoruba iliangusha bango kwenye kituo cha mafuta cha eneo la Ghatkopar, watu 17 wakafa. Bango lilikuwa futi 120 kwa 120. Kikomo cha manispaa ya jiji kilikuwa futi 40 kwa 40, kwa hiyo lilizidi mara tisa kwa eneo, na msingi wake ulikuwa dhaifu. Lilisimama kwenye ardhi iliyokuwa chini ya polisi wa reli, na ruhusa ilitoka huko huko. Manispaa ikasema yenyewe haikuombwa kibali. Kila ofisi ilikuwa na karatasi yake ya kujikinga. Waliokosa cha kujikinga nacho ni waliokuwa chini.

Msicheke, maana mgawanyo wetu ni ule ule. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA. Ushuru una ofisi yake nyingine. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, maana yake mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na kuna sehemu ni pana zaidi. Kabla hujamlipa fundi hata shilingi, pima hizo mita 30. Ukikuta nguzo yako inaangukia ndani, kibali cha kwanza kinatoka kwa mwenye barabara, na risiti ya ushuru haitakuokoa na X. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanalipa ofisi moja wakidhani wamelipa serikali. Kwenye barua ya maombi weka mchoro wenye vipimo, picha ya mahali penyewe, leseni ya biashara, TIN, na idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Uliza pia, mapema na kwa maandishi, kama bango la pande mbili linahesabiwa mara mbili. Jibu la mdomo hubadilika afisa akihamishwa.

Turudi ukutani, maana huko ndiko mabango ya maduka yanakofia. Bango likianguka mara nyingi hushuka na kipande cha plasta. Fundi ametoboa tundu lenye kina cha sentimita 4, akachomeka plagi ya plastiki, akakaza skrubu, akashuka. Plasta peke yake imekula sentimita moja na nusu mpaka mbili. Kilichobaki kimeshika tofali, na tofali la kufyatua mtaani saruji yake tunaijua. Kinachotakiwa ni bolti ya kutanuka ya milimita 10, iingie sentimita 8 ndani ya zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, plasta isihesabiwe. Kama lenta haifikiki, chuma kipite ukuta mzima na kibanwe kwa sahani upande wa ndani. Mwenye nyumba atanuna. Anune.

Fremu nayo. Skwea paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita moja ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini kuchomelea kunaunguza ile zinki ya kuzuia kutu, kwa hiyo kutu huanzia kwenye maungio. Ncha zikiachwa wazi maji yanaingia na kutulia humo. Fremu inaoza kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa, na kwa hewa ya chumvi ya Kigamboni au Kunduchi haichukui muda. Ziba ncha za juu, toboa tundu dogo la kutolea maji upande wa chini, paka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kila palipochomelewa kabla ya rangi ya mwisho. Na ule mtindo wa kuchana flexi, turubai lililochapwa tangazo, vipande vya nusu mwezi ili upepo upite haupunguzi mzigo kama watu wanavyodhani. Unachofanya vizuri ni kuanzisha mpasuko.

Bango la nguzo ni balaa jingine. Zile newtoni 1,400 zikiwa mita 4 juu, zizidishe na urefu: msingi unapinduliwa kwa newtoni-mita 5,600, na fundi kachimba shimo la kupanda mwembe.

Taa: kwa bango la boksi lenye taa ndani, transfoma isikae sakafuni mwa boksi, maji hutulia hapo hapo. Ipe swichi yake.

Haya, najua kitakachosemwa. Bila sheria mji unageuka kapu la rangi. Kweli. Halmashauri inahitaji mapato. Kweli pia, na vibao vingine vinaziba taa za barabarani, vitolewe leo. Lakini kama hoja ni utaratibu, utaratibu unaandikika kwa mistari mitatu. São Paulo, Brazili, waliandika: sheria namba 14.223 ya 2006, ikaanza kutumika Januari 2007. Duka lenye upana wa mbele chini ya mita 10, bango lisizidi mita ya mraba 1.5. Mita 10 hadi chini ya 100, mita za mraba 4. Mita 100 na kuendelea, mabango mawili yasiyozidi mita za mraba 10 kila moja. Herufi zikiwa mojamoja ukutani, unapima mstatili mdogo kabisa unaozizunguka zote. Muuza duka mwenye futi kamba anajua amevunja sheria au hajavunja kabla afisa hajashuka kwenye gari. Walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku mabango yote ya matangazo ya kukodisha, na hapo siwafuati moja kwa moja. Ile mistari mitatu, hata hivyo, ningeiiba leo.

Na ningeongeza ya kwetu. Kibao chini ya mita moja ya mraba kilicholala ukutani kiachwe na ushuru na brashi: hilo ni jina la duka, tangazo liko wapi hapo? Kinachozidi mita za mraba 3, au chochote kinachosimama kwa nguzo, kiwe na barua ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na picha ya kila bolti kabla haijafunikwa. Kila mwaka wa kulipia upya, picha mpya za maungio na za mguu wa nguzo. Mwenye bango ashindwe kupata kontrol namba mpaka picha ziingie kwenye mfumo. Mfumo upo, tayari unajua kudai hela.

Mpaka hapo, wenye maduka mnajikagua wenyewe. Subiri siku isiyo na upepo, zima umeme, weka ngazi pembeni ya bango, usiiegemeze juu yake. Shika kona ya chini uvute kwa mkono mmoja. Likicheza hata nusu sentimita, au ukisikia vumbi linamwagika nyuma yake, lishushe siku hiyo hiyo, hata kama lina stika ya mwaka huu.