Theluji ya Mchoraji: Ushahidi wa Baridi au Kazi ya Kubuni?

Kati ya wanaochunguza historia ya hali ya hewa na wanaohakiki sanaa kuna mvutano wa muda mrefu kuhusu picha za theluji na barafu. Wa kwanza huziona kama kumbukumbu za Enzi Ndogo ya Barafu, kipindi cha baridi kilichoikumba Ulaya takriban kuanzia karne ya 14 hadi katikati ya karne ya 19. Wa pili hujibu kwamba mchoraji alikuwa fundi mwenye wateja wa kuwaridhisha, mapokeo ya kuyafuata na uhuru wa kubuni, kwa hiyo theluji yake hueleza mambo ya karakana yake kuliko mambo ya anga la siku zake. Hoja za pande zote mbili ni nzito. Hata hivyo, naona kwamba pande zote mbili hupima uaminifu wa picha kwa kiasi cha baridi, ilhali picha hutoa ushahidi wake bora katika mambo mengine kabisa: namna theluji inavyogeuza mwanga, na namna mwili wa binadamu unavyojipinda mbele ya baridi.

Wanaotetea ushahidi huanza karibu kila mara na Pieter Bruegel Mzee, na wana haki ya kufanya hivyo. Majira ya baridi ya 1564 hadi 1565 yalikuwa makali kupita kiasi huko Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji, na mwaka huohuo wa 1565 Bruegel alichora wawindaji wanaorudi kijijini katika theluji, picha ambayo sasa iko katika makumbusho ya Kunsthistorisches mjini Vienna. Iliagizwa na mfanyabiashara wa Antwerp, Niclaes Jonghelinck, ikiwa sehemu ya mfululizo wa picha za majira ya mwaka. Wawindaji watatu wametupa mgongo, mbwa wao wameinamisha vichwa, na mawindo yanayoonekana ni mbweha mmoja tu. Ubao wa nyumba ya wageni unaning'inia upande, gurudumu la kinu limeshikwa na barafu, na mwanamke anavuka daraja akiwa amebeba mzigo wa kuni. Mtazamaji anayeyaona haya yote pamoja huona vigumu kuamini kwamba yalitungwa na mtu aliyeketi pahali penye joto bila kuwahi kutembea katika theluji inayofika vifundoni.

Lakini nyuma ya kijiji hicho kimesimama milima yenye vilele vikali, na Flanders ni nchi tambarare. Milima hiyo ilitoka katika kumbukumbu ya Bruegel mwenyewe, ambaye alipita katika Alps aliposafiri kwenda Italia mwanzoni mwa miaka ya 1550. Basi shahidi mkuu wa upande wa kwanza amesema kweli kuhusu kinu na kuni, akatunga kuhusu upeo wa macho, na wala hakuona kwamba anajipinga. Isitoshe, picha za miezi zilikuwa na mapokeo yake tayari. Katika kitabu cha sala ambacho ndugu wa Limbourg walimpambia mtawala wa Berry kati ya 1412 na 1416 hivi, ukurasa wa Februari una theluji juu ya mizinga ya nyuki, kondoo waliosongamana zizini, mtu anayekata kuni na watu wanaoota moto. Bruegel aliikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa.

Mwaka 1970 mtaalamu wa hali ya hewa Hans Neuberger alijaribu kuuhamisha mjadala huu kutoka kwenye picha mojamoja hadi kwenye wingi. Alichunguza zaidi ya picha 12,000 zilizochorwa kati ya 1400 na 1967 zinazohifadhiwa katika makumbusho ya Marekani na Ulaya, akaandika kiasi cha mawingu, rangi ya anga na uwazi wa hewa, na akakuta kwamba anga za picha ziliongezeka giza na mawingu katika karne za baridi kuu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Wazo lake kwamba makosa ya mchoraji mmoja humezwa na wingi wa wachoraji wengine halipuuziki kwa urahisi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kubuni wingu lakini ni vigumu maelfu ya watu walitie giza anga kwa kipindi kilekile pasipo sababu yoyote.

Shida ni kwamba sababu hiyo inaweza kuwa soko. Bruegel huyohuyo alichora, pia mwaka 1565, mandhari ya baridi yenye mtego wa ndege, na picha hiyo ikapendwa kiasi kwamba zaidi ya nakala 100 zinajulikana leo, nyingi zikiwa za karakana ya mwanawe, Pieter Bruegel Mdogo, na za wafuasi wao. Anayezihesabu kama picha za baridi atapata majira mia moja ya baridi, ilhali yaliyochorwa ni yale yale ya mara moja, na kilichoongezeka ni wanunuzi. Zaidi ya hapo, makumbusho hayahifadhi kila kilichochorwa. Huhifadhi kilichopendwa na matajiri, kilichonusurika moto na unyevu, na kilichosifiwa na vizazi vya baadaye. Mchujo huo hauna uhusiano wowote na halijoto. Kwa hoja hii naegemea upande wa wahakiki: wingi wa picha ni ushahidi wa kupendwa kwanza, na wa hali ya hewa baadaye sana.

Hendrick Avercamp anaonyesha jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuishi katika mkono mmoja. Mholanzi huyu, aliyezaliwa mwaka 1585 akafariki mwaka 1634, alikuwa bubu, na maisha yake ya kazi yalipita katika mji wa Kampen akichora takriban mada moja tu, yaani watu juu ya barafu. Majira ya baridi ya 1607 hadi 1608 yalikuwa makali kweli, na picha yake maarufu iliyoko Rijksmuseum mjini Amsterdam inakadiriwa kuwa ya mwaka 1608 hivi. Hata hivyo aliendelea kuchora barafu miaka nenda miaka rudi, akipanga upya karakanani watu aliokuwa amewachora kwenye karatasi zake. Barafu yake ikawa bidhaa. Ila atazamaye kwa makini kona ya chini ya picha hiyo, mbali na waungwana wanaoteleza kwa mavazi yao mazuri, ataona mbwa na ndege wakila mzoga. Sijui kama mnunuzi alihitaji mzoga ule. Mchoraji aliuhitaji, na hapo ndipo ushahidi wake ulipo.

Tukitoka Ulaya, swali lenyewe linabadilika uzito. Utagawa Hiroshige, mchoraji wa chapa wa Japani, katika mfululizo wake wa vituo vya barabara kuu ya Tokaido wa miaka ya 1830, alikionyesha kituo cha Kambara usiku kikiwa kimefunikwa na theluji nzito. Kambara iko pwani, sehemu yenye hali ya hewa ya upole ambako theluji ya namna ile ni nadra mno. Kama ushahidi wa mahali, chapa hiyo haifai. Lakini wapita njia watatu walioinama, kila mmoja akiwa peke yake ndani ya kimya cha theluji, ni kweli tupu kwa yeyote aliyewahi kutembea usiku wa namna hiyo. Huko China, karne ya 11, mwanazuoni Shen Kuo aliandika kwamba alikuwa na picha iliyochorwa na Wang Wei, mchoraji wa zamani, iliyoonyesha mgomba katikati ya theluji, jambo lililoonekana kuwa kosa la majira. Shen Kuo aliitetea, akisema kwamba ustadi wa uchoraji hushikwa kwa roho na haupatikani kwa kukagua maumbo. Ulaya ilichelewa sana kufikia utetezi wa namna hiyo.

Sitaki, hata hivyo, utetezi huu ugeuke kisingizio cha kusema kwamba mchoraji hana deni lolote kwa kitu anachokichora. Theluji ni mtihani mgumu kuliko mada nyingi, kwa kuwa haina rangi yake yenyewe. Hurudisha karibu mwanga wote unaoiangukia, na kivulini, ambako jua halifiki, hupokea mwanga wa anga na kuwa buluu. Wachoraji wengi walivipaka vivuli hivyo rangi ya kijivu au kahawia kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Claude Monet, katika majira ya baridi ya 1868 hadi 1869 karibu na Étretat, alichora uzio na ndege mmoja mweusi na mweupe katika picha inayoitwa La Pie, na vivuli vya uzio ule vikawa vya buluu iliyokolea. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris ya 1869 waliikataa. Kwa jicho la leo ni vigumu kuelewa kosa lilikuwa wapi, kwa maana buluu ile ndiyo iliyokuwa sahihi.

Usahihi huo uligharimu mwili. Igor Grabar wa Urusi, alipokuwa akichora miti ya Februari mwaka 1904, alichimba handaki katika theluji yenye kina cha zaidi ya mita moja ili aitazame miti kutoka chini dhidi ya anga. Maruyama Okyo wa Japani alifika kwenye ukweli uleule kwa njia ya kinyume kabisa: katika viwambo vyake vya misonobari, theluji juu ya matawi ni karatasi tupu iliyoachwa bila wino. Mmoja aliongeza rangi hadi theluji ikawaka, mwingine alijizuia asiiguse, na wote wawili walitegemea kutazama kwa subira.

Ulinganisho unaonishughulisha zaidi ni ule wa barafu ya baharini. Mchoraji wa Marekani Frederic Edwin Church alisafiri mwaka 1859 hadi bahari ya Newfoundland na Labrador, akachora siwa za barafu kwa macho yake, na mwaka 1861 akaonyesha turubai kubwa mno mjini New York. Kabla ya kuipeleka London mwaka 1863, aliongeza mlingoti wa meli uliovunjika mbele ya picha, kwa kuwa barafu peke yake haikuwa imewagusa watazamaji. Mjerumani Caspar David Friedrich hakuwahi kufika Aktiki. Aliitazama barafu ya mto Elbe mjini Dresden, kisha mwaka 1823 na 1824 akachora mabamba ya barafu yaliyorundikana kama magofu, huku meli iliyopondwa ikionekana kidogo tu pembeni. Haikupata mnunuzi hadi alipofariki mwaka 1840. Kwa mizani ya ushahidi, Church angeshinda bila ubishi. Mimi naamini Friedrich alikaribia zaidi, kwa sababu ndani ya picha yake barafu haimsubiri mtu wala haihitaji mlingoti ili iwe na maana, na hiyo ndiyo tabia ya barafu ambayo waliofika huko na kunusurika walirudi wakiisimulia.

Kuna jaribio moja ambalo naona linatosha kuzionya pande zote mbili. Huko Kinngait, Nunavut, kaskazini mwa Kanada, wasanii wa Kiinuit wamekuwa wakitengeneza chapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Bundi maarufu wa Kenojuak Ashevak wa mwaka 1960 ametandaza manyoya yake juu ya karatasi tupu, na chapa nyingi za wenzake zinaonyesha wanyama, wawindaji na familia bila mandhari yoyote nyuma yao. Anayekusanya takwimu za baridi kutoka katika picha angezipita kazi hizi bila kuandika chochote, ingawa zimetoka mahali ambapo bahari huganda kwa miezi mingi ya kila mwaka. Waliokuwa wageni katika theluji ndio walioifanya mada. Waliozaliwa ndani yake walichora kilichoishi juu yake. Hesabu yoyote ya hali ya hewa itokanayo na sanaa inapaswa kwanza kuuliza aliyeshika brashi alikuwa mgeni au mwenyeji wa baridi hiyo, na kwa picha nyingi zilizomo katika makumbusho makubwa swali hilo halijaulizwa.