Mbudya ya Jumapili na hesabu ya safari za ndege

Jumapili ya sikukuu, boti za kwenda kisiwa cha Mbudya, jirani na pwani ya Dar es Salaam, hazipumziki. Watoto, majaba ya barafu, muziki, halafu harufu ya samaki wa kukaanga mabandani. Kisiwa hicho, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu 1975.

Watafiti wa utalii wa miaka ya 1980 wangeuliza kwanza: kisiwa kinabeba watu wangapi kwa siku kabla hakijachoka? Mwaka 1980 mmoja wao, Richard Butler, alieleza jinsi kivutio kinavyogunduliwa, kinavyojaa na kinavyoweza kuchakaa. Siku hizi macho ya watafiti wengi yamehamia kwenye hewa ya ukaa. Mwaka 2018 mtafiti Manfred Lenzen na wenzake walikadiria kuwa utalii, ukijumlisha usafiri, chakula na manunuzi, unachangia takriban asilimia 8 ya gesijoto duniani, na sehemu kubwa inatoka kwa watu wa nchi tajiri.

Hawa wa ukaa wana hoja nzito. Joto la bahari la 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, na halikuchagua palipo na mlinzi na pasipo naye. Ukipunguza boti Bongoyo huku bahari ikichemka, umeokoa nini?

Umeokoa kitu, nadhani. Tumbawe lililojeruhiwa na joto linahitaji utulivu ili lipone, na nanga inayoburuzwa juu yake kila wiki hailiachii nafasi hiyo. Tena mgeni wa kawaida wa Mbudya hakupanda ndege. Ametoka Sinza au Mbagala, kapanda daladala, kisha boti. Ukimpima kwa ukaa pekee, karibu haonekani; chupa zake na hatua zake mwambani zinaonekana.

Wapo wanaotaka visiwa hivi vifungwe kabisa. Sikubaliani nao. Pwani hii imeumizwa sana na uvuvi wa baruti, na kisiwa chenye watu wanaokitegemea kwa riziki kina macho mengi ya kukilinda. Lakini macho hayo hayatoshi bila kikomo cha idadi, na kikomo hakihitaji mitambo ya gharama: kila anayeshuka kisiwani hulipa kiingilio cha hifadhi. Idadi ya vichwa inaweza kusomwa kwenye risiti hizohizo, ikalinganishwa mwaka hadi mwaka na hali ya matumbawe yanayozunguka kisiwa.