Nimeshiba, Wallahi

Jumanne kazini kulikuwa na keki. Mwenzetu katimiza miaka 50, kaileta mwenyewe, ya chokoleti, krimu unene wa kidole. Sahani ikazunguka, ikanifikia, nikasema, "Hapana, asante." Ikapita. Basi! Ikaenda kwa jirani yangu na wenzangu wakaendelea kulalamikia mvua. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Hakuna aliyeapa kwamba nisipokula, na yeye hali.

Huu mwaka wa 9 niko Leeds, Uingereza, na jambo hili bado hunishangaza kuliko theluji.

Maana sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tunajua neno "nimeshiba" lina uzito gani: halina. Ukisema nimeshiba, unaulizwa umekula nini. Ukisema wallahi nimeshiba, unaambiwa basi kidogo tu. Ukiweka mkono kifuani, unaulizwa, "Au changu kibaya?" Hapo huna jawabu. Unaongeza.

Likizo ya mwaka jana nilifika nyumbani Langoni nimepunguza kilo 11, kilo zilizonitoa jasho miezi 14. Shangazi alinishika juu ya kiwiko, akaugeuza mkono kama anayechagua muhogo sokoni, kisha akamuuliza mama, wala si mimi: "Huyu ana ndaa ama ana maradhi?" Kufika magharibi mtaa ulikuwa na majibu matatu. Mume ananitesa. Nina sukari. Na lile la tatu, linalosemwa kwa kunong'ona. Kwetu mtu akinenepa kanawiri, mashallah. Akikonda, watu huanza kuulizana kwa simu.

Halafu sinia. Hebu jaribu kula kidogo kwenye sinia uone. Wali wa nazi uko kama kilima, samaki wa kupaka juu. Unachimba upande wako taratibu, unakaribia kuona bati, mara vidole vya mama vinausukuma ule ukuta wa wali na wote unaporomokea kwako. Halafu ananyofoa tumbo la kolekole, pale penye mafuta, analiweka mbele yako bila kusema neno. Nani ana ubavu wa kulirudisha? Na ukiinua mkono kabla ya wenzako, nao huinua kwa heshima yako, watoto wakakosa kushiba kwa sababu yako. Sasa umekula kiasi gani? Allahu a'alam.

Najua mshaanza. "Kaenda Ulaya kajifunza kukataa chakula cha mamake." "Hao Wazungu wenyewe si ndio wanene?" Kweli kabisa. Uingereza karibu watu wazima wawili katika kila watatu wana uzito uliopita kiasi. Sikusema hawa wana dawa. Tena hizo kilo nilizipatia hapa hapa! Amu nilikuwa nakwenda Shela kwa miguu na kurudi, na ngazi za nyumba ya mawe zikanimaliza. (Sasa mna bodaboda, hilo mtajijibu wenyewe.) Nilipokuja huku nikapata kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, na chumba kimoja cha kulala mchana ambacho sikulala. Mtu akikosa usingizi, ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, huweza kupanda. Leptini, itokayo kwenye mafuta kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, huweza kushuka. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba saa tisa usiku pakiti ya biskuti imekwisha na sikumbuki ladha yake. Nusu ni usingizi, nusu ni kukosa mtu wa kusema naye. Yule asiyenilazimisha kula ndiye huyo huyo asiyenikaribisha. Hufungua kopo lake mbele yangu akala peke yake, na mwaka wa kwanza nililia chooni kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo msiniambie najivuna.

Ila na nyinyi mnisikilize. Kuna anayesema mtu mnene hana azma tu, afunge mdomo. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu 50 waliopunguzwa mlo kwa wiki 10. Baada ya mwaka mzima, homoni zao bado zilikuwa zinadai chakula kuliko kabla hawajaanza. Mwili hauna habari kwamba unapunguza kwa hiari. Unadhani kuna njaa nchini. Basi mama akinisukumia lile tumbo la kolekole, ananisukumia mtu ambaye matumbo yake yanampigia kelele tangu asubuhi, na shangazi yuko pembeni anasema nimekwisha. Hapo azma yafanya nini? Wamarekani Christakis na Fowler walifuatilia mtandao wa watu zaidi ya 12,000 wa Framingham, mji wa huko kwao, kwa miaka 32, wakaona rafiki yako akinenepa kupita kiasi, uwezekano wako wa kumfuata huongezeka kwa asilimia 57. Wapo waliobishana na hesabu zao. Mimi niliyekaa harusini Mkomani siku tatu sibishani.

"Lakini ni mapenzi." Najua ni mapenzi! Bibi yangu alikatwa mguu kwa sukari, na wiki aliyotoka hospitali wageni walimjia na halwa. Kila mmoja alikuja kwa mapenzi. Bibi akala, kwa sababu angesemaje?

Ijumaa nikaamka alfajiri, nikakanda mahamri kwa tui na iliki, nikapeleka kazini nami nilipe ile keki. Nikazungusha sahani. Yule mwenye keki akatabasamu: "Hapana, asante." Nikahisi damu inapanda kichwani. Nimeamka saa kumi! Nikamsogezea sahani tena nikamwambia achukue moja tu. Akasema ameshiba. Nikajisikia, kwa sauti ya mama kabisa, namuuliza, "Kwani umekula nini?"