Namba ipi?

Wiki mbili zilizopita mwenzetu kazini aliondoa kiungo ambacho hakukikusudia, na chanzo chake ni mwongozo nilioandika mimi.

Tunafuatilia kazi zetu kwa Redmine, programu ya kusimamia miradi. Kila hitilafu ina tiketi yake, yaani rekodi yake, na tiketi huunganishwa kwa viungo: hii inaizuia ile, hii ni nakala ya ile, hii inaitangulia ile. Viungo vilipozidi kuwa vingi tukatengeneza zana ndogo ya kuviondoa kwa amri moja. Mwongozo wake ulikuwa mstari mmoja tu: "Huondoa kiungo kati ya tiketi mbili, ingiza namba."

Namba ipi? Redmine hukipa kiungo namba yake chenyewe, mbali na namba za tiketi zinazoungana. Ombi la kukiondoa ambalo zana hutuma kwa seva ni DELETE kwenye /relations/, kisha namba ya kiungo. Sasa, namba ya tiketi ni tarakimu tupu, na ya kiungo pia ni tarakimu tupu. Mwenzetu alikuwa anashughulikia tiketi 412. Akaandika 412. Seva ikatii: ikaondoa kiungo namba 412, cha tiketi nyingine kabisa, kwenye mradi mwingine ambao naye ana ruhusa nao. Hakuna onyo lolote lililotokea. Kwenye Jira, programu nyingine ya aina hii, tiketi hubeba herufi za mradi mbele ya namba, kwa hiyo kuzichanganya si rahisi hivyo. Kwetu kinga hiyo haipo, na ndiyo maana mwongozo ulipaswa kuwa kinga.

Kiungo kilichoondoka kilikuwa cha kuzuia. Redmine haikuruhusu kufunga tiketi inayozuiwa wakati inayoizuia bado iko wazi. Kizuizi kilipotoka, tiketi ikafungwa, na kazi iliyokuwa inaisubiri nyingine ikahesabiwa imekwisha. Tulikuja kugundua siku ya tatu.

Tangu hapo nimeshikilia msimamo huu: zana inayoondoa kitu inastahili maelezo mengi kuliko zana inayoongeza. Sisi watengenezaji tunafanya kinyume. Ya kuongeza tunaiandikia kurasa na mifano, ya kuondoa tunaiachia mstari, kana kwamba kuondoa hakuhitaji kuelezwa. Anayeondoa ndiye mwenye maswali mazito. Je, tiketi zenyewe zitabaki? Zitabaki, na hilo ndilo la kwanza kuandikwa, maana mtu akiona neno "futa" karibu na tiketi yake moyo unamruka. Nitazipataje namba za viungo? Fungua taarifa za tiketi kwa kuongeza include=relations, na kila kiungo kitaonyesha namba yake. Nini kitabadilika? Hapo inategemea aina. Ukiondoa kiungo cha nakala, kufunga tiketi ya asili hakutaifunga tena ile nakala. Ukiondoa cha kutangulia, tarehe za kazi inayofuata hazitasukumwa tena na ile iliyo mbele yake. Nikikosea? Utakiunda upya, nacho kitapata namba mpya. Kwa hiyo nakili aina yake na tiketi zake mbili kabla hujagusa chochote.

Neno lenyewe lilinisumbua. "Kufungua" lingefaa kwa kitu kilichofungwa pamoja, lakini kwenye tiketi tayari lina kazi yake: tunafungua tiketi, tunafunga tiketi. "Kukata uhusiano" ni la mabalozi. "Kutenganisha" linanipendeza, ila msomaji anaweza kudhani ni tiketi moja inayogawanywa mbili. Nimebaki na "kuondoa kiungo", na "kufuta" nimelitoa kwenye ukurasa mzima.

Mfano wa kwenye mwongozo nao nimeubadilisha. Zamani ulikuwa na 1, 2 na 3, namba zisizomfundisha mtu chochote. Sasa tiketi ni 412 na 530, kiungo ni 87, na amri inaandikwa kwa 87. Zana yenyewe sasa inaonyesha vichwa vya tiketi zote mbili na kuomba uthibitisho kabla ya kutuma ombi.

Jana nilimpa mwenzetu yuleyule rasimu aisome. Akafika mstari wa nne, akasimama. "Kiungo nakiona kwenye 412, nakiona na kwenye 530. Nikiondoe mara mbili?" Hapana, ni kiungo kimoja kinachoonekana pande mbili. Nimeuongeza mstari huo palepale akiwa amekaa pembeni yangu.