Sketi ya Inchi 98

Kamati ya kicheni pati ya binti wa jirani ilitangaza sare: kijani cha chupa, kitambaa kiko Kariakoo, kila mtu ajigharamie. Mchango nimeshatoa, ada za shule ziko mlangoni, na kabatini nina pazia la mtumba la Karume, zito, kijani kilekile. Nikajisemea, kijani ni kijani.

Cherehani ninayo, ya kukanyaga. Ufundi nao ninao kidogo, wa kuunga mashuka na kupunguza suruali za watoto. Pazia lina upana wa inchi 98, kiuno changu 34 (asubuhi, kabla ya chai). Mwingine angehangaika na marinda. Mimi nikaona pazia limekuja na marinda yake: ule mkanda wa juu wenye kamba mbili, ukizivuta linajikunja lenyewe. Nikavuta, nikapiga fundo, sketi ikawa tayari hata maharage hayajaiva. Kwenye pindo la chini kulikuwa na vidude vya risasi, vile vinavyoshonewa ili pazia lisipeperuke. Nikaviacha. Nilitaka sketi itulie.

Gaguro sikuwa nalo. Nikachukua foronya aliyonidarizia shangazi nilipoolewa, nikaifumua upande uliozibwa, nikatia lastiki. Maua na maneno yake nikayapeleka nyuma, yasinikwaruze tumbo.

Ukumbini mjumbe mmoja wa kamati alinikamata pindo, akalipima kwa vidole. "Shoga, hiki umekipata duka gani? Mbona chetu chepesi?"

"Hiki kimetoka nje," nikamjibu. Sikusema uongo.

Mambo yakaharibika kwenye kutunza. Taarabu imekolea, foleni inakwenda kwa madaha, noti ya elfu mbili mkononi, risasi zinanigonga vifundo vya miguu. Nikafika mbele ya mwali, nikainama nimtunze. Kiunoni nikahisi kitu kinapumua. Kumbe kamba ya nailoni haishiki fundo! Inchi 34 zikarudi 98, na zile risasi nazo zikafanya kazi iliyozileta duniani, zikavuta. Sketi ikatulia kweli. Ikatulia sakafuni.

Nikageuka kuiokota, na kwa kugeuka huko nikawa nimeupa ukumbi mzima mgongo. Mshereheshaji, kijana asiyejua kunyamaza, akainua kipaza sauti na kusoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza:

"La-la... sa-la-ma."

Mwali, aliyekaa kutwa nzima ameinamisha macho kama alivyofundwa, akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Wengine sina haja ya kuwasema. Kuna mama alishuka kwenye kiti akamalizia kicheko chake chini.

Yule mjumbe wa kamati ndiye aliyekimbia kunisitiri. Akanizungushia kanga yake, akaikaza barabara, kisha akanisogezea mdomo sikioni:

"Na gaguro nalo limetoka nje?"