Iowa 2025: hiyo 27.7 yenu nimeichoka

Kila shabiki wa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, ninayemsoma kiangazi hiki cha 2025 ana namba moja mdomoni: 27.7, wastani wa pointi kwa mechi mwaka 2024. Basi tumepona! Brian Ferentz, mratibu wa ushambuliaji, kaondoka na pointi zake 15.4 za 2023, kaja Tim Lester mahali pake, ushambuliaji umefufuka, kilichobaki ni kutafuta tiketi za fainali ya Big Ten, ligi yetu.

Haya, tupige hesabu ya dukani. 27.7 mara mechi 13 ni pointi 360. Mkimbiaji Kaleb Johnson peke yake alifunga tachidauni 23 (kuufikisha mpira eneo la goli), yaani 21 kwa kukimbia na 2 kwa kupokea. Kila moja ina pointi 6, jumla 138. Zitoe: zinabaki 222. Gawa kwa 13 unapata 17 na kidogo. Na wastani wa 2022, ule uliotufanya tuchekwe nchi nzima, ulikuwa ngapi? 17.7. Johnson mwenyewe sasa yuko Pittsburgh, Steelers wa NFL, ligi ya kulipwa, walimchukua raundi ya tatu ya kuchagua wachezaji.

Najua mtasema mipira ile angepewa mwingine naye angefunga. Baadhi, sawa. Zote 23? Acheni utani.

Tazameni jinsi mchezo wa Iowa wa kukimbia unavyofanya kazi. Watu watano wa mstari wanapiga hatua ya kwanza kwa pamoja kuelekea pembeni, wanaburuta ulinzi. Mkimbiaji anamsoma beki wa nje kabisa: akizibwa, pita nje, akitoka nje, kata ndani, mara moja tu, bila kucheza dansi. Takeli, mzuiaji wa pembeni ya mstari, akichelewa nusu hatua, mlinzi wa pembeni anapenya, mkimbiaji anasimama, yadi 2 zimepotea, na sasa ni dauni ya pili (jaribio la pili kati ya manne ya kusogea yadi 10) na yadi 12 zimebaki. Johnson, na uzito wake wa kilo mia, alikuwa anafuta makosa hayo. Aliguswa nyuma ya mstari, akaendelea, akapata yadi 4. Kamari Moulton, mkimbiaji anayemrithi, ana macho mazuri na anakata haraka, lakini hana mwili wa kufuta makosa ya wengine. Na makosa yatakuwepo, kwa sababu Mason Richman, aliyelinda kushoto miaka yote hiyo, kaondoka, na Connor Colby naye kaondoka. Logan Jones pale katikati, Gennings Dunker na Beau Stephens wamebaki, alhamdulillahi. Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu mtaona mbio nyingi zikielekea kulia, na makocha wa upande wa pili nao wana macho.

Sasa pasi. Mwaka 2024 yadi zilikuwa karibu 130 kwa mechi, na hakuna mpokeaji hata mmoja aliyefika yadi 500. Dhidi ya Iowa State tuliongoza 13-0 mapumziko, tukafungwa 20-19, pasi za mchana mzima hazikufika yadi 100. Nebraska tuliwapiga 13-10 kwa pasi fupi ambayo Johnson (nani mwingine?) aliigeuza tachidauni ya yadi 72. Lester amefanya kazi yake: wachezaji wanahama kabla mpira haujaanza, ulinzi unalazimika kujionyesha, kotabeki, yule anayerusha pasi, anajua mapema nani anamkaba nani. Lakini kumzuga beki wa mwisho kwamba unakimbia, halafu urushe nyuma yake, kunahitaji kwanza beki huyo aogope mbio zako, kisha mpokeaji ampite mtu wake. La kwanza tulikuwa nalo.

Ndipo anapoingia kotabeki wetu mpya, Mark Gronowski. Ushindi 49 kama kotabeki wa kuanza, mataji mawili na South Dakota State, misimu ya 2022 na 2023. Mnamkumbuka. Ndiye aliyekuwa upande wa pili Septemba 2022 tuliposhinda 7-3 bila tachidauni, kwa teke moja la pointi 3 na sefti mbili (pointi 2 kila moja, ulinzi ukimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake la goli)! Faida yake kubwa ni miguu. Dauni ya tatu na yadi 2, kotabeki akikimbia mwenyewe, mkimbiaji anakuwa mzuiaji wa ziada na ulinzi unapungukiwa mtu. Mstari wa goli, hali kadhalika. Hapo naona tachidauni 10, labda zaidi, za kuziba pengo la Johnson. Hasara: alipasuliwa bega la kurushia, hakurusha mazoezi ya masika, na pasi za Lester ni za muda, mpira unatoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Muda huo haufundishwi kwenye video.

Mapokezi ya mateke ya Kaden Wetjen yatatupa uwanja mfupi. Ratiba ni mbaya: Penn State na Oregon wanakuja Kinnick, uwanja wetu, kisha tunawafuata USC.

Mimi naandika pointi 24 kwa mechi. Moja pungufu ya zile 25 tulizomwekea Brian Ferentz kwenye mkataba kama lengo la wastani, halafu tukamcheka.

Nyinyi wa Coralville na Cedar Rapids mtakaokwenda Ames, nyumbani kwa Iowa State, Septemba 6, msihesabu pointi. Hesabuni dauni za kwanza (kila zikipatikana yadi 10, majaribio yanaanza upya) ambazo wapokeaji wa pembeni watazileta kabla ya mapumziko. Zikiwa chini ya tatu, mabeki wa Oregon watasogea mbele wote, na Moulton atakuwa anagonga ukuta Novemba yote.