Mama Hajawahi Kupasuliwa, Jameni

Najua mshaipata ile hadithi ya jamaa yangu kwenye grupu, kwamba nilizimia. Sikuzimia. Niliinama chini ya meza kutafuta chaja, nikaona heri nibaki hukohuko.

Jumamosi, ukumbini Umoja, mkutano wa chama. Mtu wa kompyuta ni mimi. Ripoti ya wanachama niliiunda kitambo kwa XSLT, kitu cha mwaka 1999 kinachochukua faili ghafi ya XML (data tupu, kila kitu na kibandiko chake) na kuivisha nguo: jina, hisa, basi. Sasa Google wametangaza kuiondoa kwenye Chrome. Eti programu inayoiendesha imezeeka, ina mianya ya usalama, na wanaoitumia ni wachache. (Wachache ndio sisi.) Ijumaa usiku nikaizima kwa swichi ya majaribio ya Chrome nione kitakachoharibika. Usingizi ukanibeba kabla sijaiwasha.

Mwenyekiti: "Haya kijana, tuonyeshe."

Nikabofya kwa madaha, uso kwa watu, mgongo kwa ukuta. Nasubiri makofi. Kimya. Mhazini akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. Nikageuka polepole.

Faili uchi wa mnyama, herufi kubwa kama mikate. Yote ambayo ile XSLT ilikuwa inanisitiria yalikuwa mle ndani muda wote. Na kwa alfabeti, wa kwanza ni nani? (Msicheke bado.)

<mkopo>45000</mkopo>
<amelipa>0</amelipa>
<sababu>Upasuaji wa mama</sababu>

Mama yuko safu ya pili. Kitenge kipya, andazi mkononi, buheri wa afya. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama somo la kanisani: "U-pa-su-a-ji... wa... ma-ma." Akajipapasa tumbo. Huko nyuma mtu akasema, "Pole, mama." Naye akaitikia, "Asante," kisha akanigeukia.

"We mtoto. Nilipasuliwa lini?"

Ile TV ya inchi 55 mliyoisifia kwenye statasi yangu, ndiyo hiyo sasa.

Katibu, ambaye jina lake ndilo lililofuata, akaruka kuchomoa waya wa projekta. Hakuruka mapema, mnaona?

Faini nimelipa, swichi nimeiwasha, deni nimepewa miezi 3. TV iko kwa Mama. Anasema mshono unamuuma, hawezi kuamka kubadilisha chaneli, kwa hivyo hata rimoti niipeleke.